Wauza vasi, tuonyesheni kitako

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wauzaji wa vasi za kioo hapa Mombasa, na wewe pia unayechapisha matangazo yao. Ombi ni dogo: tuonyesheni kitako. Matangazo ya vyombo vya nyumbani, ya gazetini na yale yanayozunguka kwenye simu, yamejaa vasi zinazoitwa "Murano" (kwa jina la kisiwa cha Italia kinachosifika kwa kioo), "za mkono", "za kale". Picha hupigwa ubavuni, taa ikiwa nyuma, maua ya plastiki yametiwa ndani. Picha kama hiyo humwonyesha mnunuzi rangi basi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye kioo hata kibaya chajiuza, tena upesi, kwa kuwa rangi ndiyo rahisi kuliko vyote kuigiza. Kobalti kidogo hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau, chuma hutoa kijani, na kiwanda kina dawa hizo sawasawa na msanii.

Vasi ninazozikusudia ni zile za karakana ndogo, ambako aliyebuni umbo ndiye huyo huyo anayechota kioo tanurini, anayepuliza na anayetia sahihi. Utaratibu huu si wa kale. Kwa karne nyingi kioo kilikuwa kazi ya koo za mafundi na baadaye ya viwanda. Matanuri ya Venice yalihamishiwa kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291. Mwaka 1962 mfinyanzi Harvey Littleton, akisaidiwa na Dominick Labino aliyekuwa mtaalamu wa kioo viwandani, aliendesha warsha mbili katika Toledo Museum of Art huko Ohio, Marekani, ikaonekana kwamba tanuri dogo laweza kumtosha msanii mmoja. Dale Chihuly, mwanafunzi wa Littleton, alishiriki kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck, huko huko Marekani, mwaka 1971. Michael Harris alianzisha Mdina Glass kule Malta mwaka 1968, kisha Isle of Wight Studio Glass nchini Uingereza mwaka 1973, na kazi za karakana hizi mbili ndizo zinazofika hapa mara kwa mara katika mizigo ya nyumba kutoka Uingereza. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kioo cha msanii cha miaka ya 1920" chenye sahihi ya karakana ya mtu mmoja, mwulize maswali mawili matatu zaidi kabla hujatoa pesa.

Anayeanza asikimbilie majina ya ng'ambo. Karakana ya Kitengela, kusini mwa Nairobi, hupuliza kioo kilichoyeyushwa kutokana na madirisha chakavu. Karakana ya Shanga ya Arusha na ile ya Ngwenya ya Eswatini hutumia chupa. Kioo cha namna hii hupoa na kukaza haraka mkononi mwa fundi, ndiyo maana maumbo yake huwa manene, yenye viputo, na kijani kidogo kitokanacho na chuma kilichomo. Viputo hivyo si kasoro. Faida kubwa kwa mkusanyaji ni kwamba asili ya kipande hujulikana bila kubahatisha.

Sasa kitako. Ili kukisoma, yafaa kujua vasi hutengenezwaje. Fundi huzamisha ncha ya bomba refu la chuma katika kioo chenye joto la nyuzi 1,100 hivi, akazungusha mpaka donge linase. Hulibiringisha juu ya bamba la chuma lisawazike, hupuliza kiputo cha kwanza, na akitaka kioo kinene hurudi kuchota tena juu ya kile cha mwanzo. Rangi huingia kwa kubiringishia donge katika unga au vipande vya kioo cha rangi likingali moto. Mpaka hapo vasi haina mdomo, kwa sababu upande wa mdomo ndio ulioshikamana na bomba. Msaidizi huleta fimbo ya chuma yenye tone la kioo nchani, akaibandika katikati ya kitako. Shingo iliyokwisha kubanwa kwa koleo hugongwa, na vasi ikahamia kwenye fimbo. Ndipo mdomo hupashwa tena moto, ukapanuliwa au kukunjwa. Mwisho fimbo nayo hugongwa ikaachia, na vasi huingia katika tanuri la kupoza, nyuzi 500 hivi kwa kioo cha kawaida, ikashushwa joto polepole kwa saa nyingi. Vipande vinene sana huchukua siku kadhaa.

Pale fimbo ilipoachia hubaki kovu. Utalikuta katika hali tatu: bichi, lenye makali yanayokwaruza kidole; limeyeyushwa au kugongwa muhuri lingali moto, kama alama ya mwali wa moto kwenye vitako vingi vya Isle of Wight; au limesagwa na kusuguliwa likawa kishimo laini kinachong'aa, pengine kitako kizima kikafanywa bapa. Vasi ya mashine haina kovu. Ina duara la ukungo wa chuma (yaani kalibu iliyokipa kioo umbo), namba ya kiwanda, au vinundu vidogo vilivyopangwa kwa mstari. Zipo pia vasi za mkono zisizo na kovu, kwa kuwa fundi alishika kitako kwa kibano, au mdomo ulikatwa na kusuguliwa baada ya kioo kupoa. Kukosekana kovu peke yake kusimfukuze mnunuzi. Aangalie na mambo mengine.

Jambo wanalolisahau hata madalali wazoefu ni kwamba kovu huthibitisha mkono, halithibitishi jina. Vasi nyingi za bei rahisi zinazoingia na makontena zimepulizwa na watu, kwa mdomo, zikasuguliwa kitako vizuri kabisa. "Imetengenezwa kwa mkono" yaweza kuwa kweli tupu na bado kipande kikawa mmoja wa ndugu zake elfu kumi.

Mshono, ule mstari unaoachwa na maungio ya ukungo, nao huhukumiwa vibaya. Watu husema: vasi haina mshono, basi ni ya mkono. La. Kioo kikizungushwa ndani ya ukungo uliolowa maji, mshono hufutika. Kipimo kizuri zaidi ni kidole ndani ya tumbo la vasi. Ikiwa mapambo ya nje yana bonde na kilima, na ndani kidole kinakutana na mawimbi yanayofuata mapambo hayo, kioo kilipulizwa ndani ya ukungo. Ikiwa nje kuna mapambo na ndani ni laini kama bomba, kilikandamizwa kwa mashine, au kilikatwa kwa gurudumu baada ya kupoa; makali ya mapambo yatakuambia ni kipi, maana ya gurudumu hukwaruza na ya kukandamizwa yamelegea.

Juu ya vibandiko na sahihi, niseme wazi kwamba kibandiko cha Murano ndicho kitu rahisi zaidi kununua kuliko Murano yenyewe. Mkoa wa Veneto, ambamo Murano imo, ulitunga sheria mwaka 1994 ya kulinda alama ya "Vetro Artistico Murano", na alama hiyo huambatana na namba ya karakana. Kipande cha kabla ya hapo hakiwezi kuwa nayo, na kipande kipya kisicho nayo hakijawa bandia kwa sababu hiyo tu, ila maneno "Made in Murano" kwenye karatasi ya dhahabu bila jina wala namba ya karakana hayana uzito wowote. Sahihi ya kuchorwa kwa ncha ya almasi iangalie kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kipande kilichotumika miaka mingi, mikwaruzo ya meza hupita juu ya herufi na kuzikata. Herufi zikipita juu ya mikwaruzo, sahihi imekuja baada ya uchakavu. Na uchakavu wenyewe uwe pale tu kitako kinapogusa meza, mikwaruzo myembamba iendayo kila upande. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, au ikienea hadi ndani ya kishimo kisichogusa kitu, hiyo ni kazi ya msasa.

Kwa ukaguzi beba vitu vinne: utepe wa kupimia, tochi ndogo, kitambaa cheupe, na taa ya zambarau ile wanayotumia mawakala kukagua noti bandia. Anza na mdomo. Uzungushie ukucha pole pole, si ncha ya kidole, maana pengo dogo la ukubwa wa punje ya ulezi hulisikii kwa ngozi. Mdomo uliokamilishwa kwa moto ni mviringo na mlaini. Ukikuta umekuwa bapa wenye kona kali huku wenzake wa aina hiyo wana mdomo wa mviringo, ujue ulimeguka ukasagwa, na vasi imepungua urefu. Hapo utepe husaidia, kwa kuwa karakana nyingi zilirudia umbo moja kwa vipimo vinavyokaribiana. Tochi iingize ndani na uizime taa ya chumba: ufa hung'aa kama uzi wa fedha na hubadilika ukigeuza vasi, ilhali mkunjo wa asili ndani ya kioo haubadiliki sana. Taa ya zambarau hufanya kazi kubwa gizani. Gundi huwaka tofauti na kioo kinachoizunguka. Kioo chenye urani huwaka kijani kikali, chenye manganizi kijani hafifu. Wauzaji huchanganya hivi viwili na kuviuza kwa bei moja, nao hawapaswi.

Kugonga kwa kucha na kusikiliza mlio ni desturi ya soko, lakini ni kipimo dhaifu. Bilauri nyembamba ya kioo cha risasi, yaani kilichotiwa madini ya risasi, hulia, vasi nene ya karakana hata ikiwa nzima hutoa kishindo kifupi. Mlio mbovu wa ghafla kwenye kioo chembamba ni onyo. Ukosefu wa mlio kwenye kioo kinene hauna maana yoyote.

Kipo kipimo kingine kisichogharimu kitu kwa mwenye kompyuta ya mkononi. Fungua ukurasa mweupe, vaa miwani ya jua ya polaroidi (ile ya kukata mng'ao), inamisha kichwa mpaka skrini ianze kuwa nyeusi, kisha shika vasi kati ya macho na skrini. Kioo kilichopozwa vyema hubaki cheusi. Mabaka meupe au ya rangi, hasa kwenye kitako kinene na pale mshikio ulipobandikwa, ni mkazo uliobaki ndani. Vasi yenye mkazo mkubwa yaweza kupasuka yenyewe usiku bila mtu kuigusa, miezi au miaka baada ya kununuliwa, halafu lawama akaangushiwa paka. Mwanga kidogo kwenye mpaka wa rangi mbili ni wa kawaida, kwa kuwa vioo viwili havisinyai sawasawa vinapopoa. Tofauti ikizidi ndipo nyufa huanzia hapo hapo. Vasi nyeusi au ya buluu nzito haipimiki kwa njia hii.

Nifike kwenye adui mkubwa wa kioo hapa kwetu, ambaye si kuvunjika. Ni maji. Maji ya visima vya Mji wa Kale na sehemu nyingi za kisiwa hupita katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa na chumvi, na wengi tunayatumia mferejini kunapokauka. Yakikauka ndani ya vasi huacha utando mweupe. Utando huo ni wa nje ya kioo na hutoka. Ubaya wa pili hautoki: maji yaliyolala ndani wiki kwa wiki huchomoa soda, yaani magadi, iliyomo kwenye kioo, yakageuka kuwa makali, yakaanza kula uso wenyewe. Kinachoharibu zaidi mara nyingi ni tone lililosalia kitakoni baada ya kumwaga, maana soda hukolea katika maji machache. Joto letu na unyevu wa hewa huharakisha yote hayo.

Kutofautisha: osha, kausha, tia siki nyeupe usiku mmoja. Chokaa itaondoka, pengine na mapovu madogo. Ukungu uliobaki vilevile ni kioo kilicholiwa, na dawa yake ni kusuguliwa upya ndani na fundi mwenye vifaa, kazi ambayo gharama yake mara nyingi huzidi bei ya vasi. Wapo wauzaji wanaopaka mafuta ya watoto ndani. Ukungu hupotea kwa wiki chache, ukarudi mlango wa mnunuzi ukishafungwa. Ndiyo kazi ya kile kitambaa cheupe: kizungushie kijiti, pitisha ndani, ukinuse na kukitazama. Usikague kamwe vasi iliyolowa.

Kuosha kwenyewe: beseni la plastiki, taulo chini yake, maji ya uvuguvugu, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Vua pete. Osha moja moja. Usihamishe vasi kutoka chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi maji ya moto, kwani kioo kinene hutanuka nje kabla ya ndani na hapo ndipo hupasuka. Kwa shingo nyembamba, tia mchele mkavu vijiko viwili na siki kidogo, uzungushe bila kupiga. Mchanga, ingawa wazee waliutumia kwa chupa za mafuta, usiutie: una chembe ngumu kuliko kioo. Klorini na unga wa kusugulia masufuria pia viache. Suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta, ila usome kibandiko vizuri usije ukabeba asidi. Kausha kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kijitini, kisha uiache wima, mdomo juu, mpaka siku ya pili. Vasi yenye dhahabu ya kupakwa, au uso wa rangi za upinde uliofukizwa kwa chumvi za bati, isiguswe na siki; maji na sabuni hafifu hutosha. Kibandiko cha asili kisilowe kabisa.

Mwenye kutaka kutia asumini au waridi, atie maua hayo katika kichupa cha plastiki kinachoingia ndani ya vasi. Maji yabadilishwe kila siku, na waya za wapambaji wa harusi zisiingie: mikwaruzo mingi ya ndani ya shingo hutokana nazo. Kioo cha risasi kisigeuzwe jagi la maji ya kunywa wala sharubati.

Mahali pa kuweka, epuka dirisha. Sababu ya kwanza ni upepo. Msimu wa kusi pazia hujaa na kupiga rafu kwa nguvu za kutosha kuangusha vasi ya kilo mbili. Ya pili ni jua: vasi nzito yenye kioo kigumu kilichojaa hukusanya miale, na imewahi kutosha kuchoma kitambaa cha meza. Rafu za chuma hupata kutu kwa hewa ya chumvi na kutu hutia madoa kitakoni. Vipande vya sponji chini ya vasi hunyonya unyevu. Vitone vya silikoni angavu ni bora. Kabati la vioo lisizibwe kabisa, liachiwe upenyo nyuma hewa ipite.

Wanaosafirisha kutoka Nairobi au Arusha wasifunge kwa gazeti (samahani, Mhariri), maana wino huhamia kwenye kioo kilichopakwa. Karatasi nyeupe laini kwanza, kisha plastiki ya mapovu, kisha boksi, kisha boksi la pili lenye nafasi ya sentimita tano kila upande iliyojazwa. Ndani ya vasi jaza kwa ulegevu. Ukisindika, mtikiso hupasua shingo. Vasi zilale au zisimame jinsi zitakavyo, mradi zisigusane.

Sasa nirudi kwako. Tangazo la vasi halihitaji sifa. Lahitaji urefu wa vasi na upana wa mdomo kwa sentimita, uzito kwa gramu, maneno yaliyoandikwa kitakoni kama yalivyo hata kama hayasomeki vizuri, kasoro zote pamoja na mahali zilipo, na picha mbili za kitako. Neno "Murano" lichapishwe pale tu muuzaji anapotaja karakana. Asiyeijua aandike "kwa mtindo wa Murano", na hilo si aibu. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu, maana wakusanyaji hulipa zaidi kwa kipande chenye maelezo kamili, hata kikiwa na pengo.

Na picha ya kitako si kazi ngumu. Laza vasi juu ya kanga ya rangi nzito au taulo jeusi, karibu na mlango wakati wa asubuhi, bila kuwasha taa ya simu. Mwanga uje kutoka ubavuni ili kovu na mikwaruzo vitupe kivuli. Weka sarafu ya shilingi ishirini kando yake kwa kipimo. Simu iwe sawasawa na kitako, gusa skrini pale penye kovu ili pasomeke, piga. Kisha inamisha vasi kidogo upige ya pili, kwa sababu sahihi ya almasi huonekana kwa pembe moja ikapotea kwa nyingine.

Mkusanyaji vasi,
Kuze, Mombasa